Nimefanya sevisi ya giaboksi ya DSG hapa Mbeya, fundi wa Mwanjelwa kaniokoa

Jamani nina Volkswagen Golf GTI Mk5, giaboksi yake ni DSG, yaani otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili, yangu ni ya gia 6, ilianza kushtuka nikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili na kule mlima wa Kitonga ilikuwa inatetemeka mpaka mke wangu akaogopa. Gereji ya kwanza niliyoenda waliniambia oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote, nikawaamini, nimepoteza miezi.

Huyu fundi wa Mwanjelwa akanieleza vizuri kabisa, DSG ya gia 6 klachi zake zinaogelea kwenye oili kwa hiyo kila kilomita 60,000 unabadilisha oili na filta, ile ya gia 7 yenye klachi kavu ndo haina ratiba hiyo, watu wanachanganya hapo. Na oili ni ya DSG yenyewe, siyo ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida ya Toyota, tafadhali sana!!

Nilichopenda ni kwamba hakukisia, alichomeka mashine ya kupima gari akasoma joto la oili, akapima kiwango injini ikiwa inawaka na oili iko kati ya nyuzi 35 na 45, maana ikiwa baridi au moto sana unapata kipimo cha uongo. Oili iliyotoka nyeusi tii.

Bei imechangamka kidogo na oili niliisubiri itoke Dar, ila gari sasa inabadilisha gia kama maji, juzi nimepandisha Mlima Nyoka hata haijashtuka. Nitarudi kwake tu.