Kosi ya vakansi pale Himbi, Goma: mazuku ndani ya beseni, na ile hesabu ya 2043

Mi njo nilikuwa wa kwanza kukataa. Dola 20 kwa wiki tatu, halafu wanakuambia hakuna saa ya matematiki wala saa ya jeografia, kila wiki ni kitu kimoja tu na masomo yote yanaingia humo. Nikasema hawa wanakwepa kulipa profu wanne, kumbe profu wako watatu na wote wanaingia pamoja darasani, wanakatana maneno mbele ya watoto.

Wiki ya kwanza ilikuwa mazuku, ile hewa ya CO2 isiyoonekana inayojaa ndani ya mashimo na kuua. Hilo neno mtoto wa Goma analijua kabla ya kushika kalamu, usicheze ndani ya shimo asubuhi, na mbuzi akikutwa amekufa humo hakuna anayeuliza mara mbili. Basi profu wa shimi (kemia) akasimamisha mishumaa miwili ndani ya beseni, mfupi na mrefu, pembeni akamwaga vinegre (siki) juu ya bikarbonate, povu likapanda, mfupi ukazimika na mrefu bado unawaka. Wa matematiki palepale: lita ya hewa ya kawaida ni karibu gramu 1.2, ya CO2 karibu 1.8, gawanya. Inatoka 1.5, njo maana inatelemka inajaza shimo kama maji. Wa kifaransa akawaambia waandike kibao cha kuonya wapita njia, mistari mitatu, ukikosea verbe unaanza upya. Kijana wangu wa mwaka wa saba, ambaye kila siku tunagombana juu ya kaye (daftari), jioni alibeba vinegre yangu ya salade bila kuomba, akamwonyesha mdogo wake kwa nini mfupi anatangulia kufa.

Wiki ya pili Nyiragongo, volkano yetu, na hapo sikufurahi. Walichukua miaka ya milipuko, 1977, 2002 na 2021, wakatoa, wakapata 25 na 19, wakatafuta wastani, 22. Mtoto anarudi nyumbani anatutangazia mlima utatapika 2043! Mama yangu aliyekimbia 2002 na godoro kichwani hakucheka. Hesabu yenyewe ni sawa, ila volkano haina kalenda, na hapo wa jeografia njo alipaswa kukata maneno kama walivyozoea, akanyamaza. Nilienda kumuuliza, akasema wangerekebisha kesho yake, wakasahau.

Wiki ya tatu, ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nilikuwa naingojea sana, ikawa fupi: wamepima gurudumu, wameenda kuangalia sanamu yake kwa ronpwe (mzunguko wa barabara), basi.

Fasi yenyewe ni mabati, mvua ikinyesha hata profu hajisikii. Mi nitamrudisha vakansi ijayo, ila jioni nitakuwa nauliza hesabu ya leo ilikuwa ya nini. Kaye haiko ndani ya zile dola 20, na vinegre ununue chupa mbili.