Pampu ya kupandisha maji: kabla ya kuuliza HP, uliza kama inajam

Januari tulirudi kutoka Moshi, nyumba imefungwa wiki tatu, watoto wana vumbi hadi kwenye kope. Tenki la juu tupu. La chini limejaa, nikashukuru Mungu, nikawasha pampu. Ikaanza kunguruma. Si ule mlio wake wa siku zote wa kupandisha maji, huu ulikuwa mmmmmm, kama friji la zamani. Nikadhani imekula hewa, nikaiacha kidogo iitoe. Nilipotoka bafuni kwenda kuangalia, harufu ya plastiki iliyoungua imeshafika jikoni.

Fundi aliifungua nikiwa nimesimama pembeni. Ndani ya hizi pampu ndogo za nusu HP (HP ni kipimo cha nguvu ya mota), ambazo Dar ziko nyuma ya karibu kila nyumba yenye simtanki, kuna kisahani cha shaba chenye meno madogomadogo ukingoni. Ndiyo impela. Kinazunguka katikati ya kuta mbili, na mwanya uliobaki kila upande ni mwembamba kama karatasi. Ubanano huo ndio unaofanya kipampu cha kubeba mkono mmoja kirushe maji hadi juu ya ghorofa. Sasa kwenye yangu, kuta zote mbili zilikuwa chuma kitupu. Maji yalitulia mle wiki tatu, chuma kikafanya kutu, kutu ikajaza mwanya, kisahani kikagandana. Fundi alikigonga na mpini wa nyundo, hakikucheza. Mota inataka kuzunguka, imeshikwa, umeme unaendelea kuingia, koili zikaungua.

"Mama, hii imejam," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja mafua.

Kumbe ni ugonjwa wa wengi. Niliposimulia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, kila mtu alikuwa na ya kwake. Shoga yangu wa Kigamboni, ambaye maji yake ya kisima yana chumvi, alikwenda msibani Tanga siku kumi tu. Aliporudi, mmmmmm. Mwingine ameshasuka koili mara mbili na bado anamlaumu TANESCO.

Kwa hiyo humu sitawachosha na HP. Nyumba ya chini au ya ghorofa moja, nusu HP inatosha, fundi yeyote atakwambia. Nitasema moja tu kuhusu kile kibati cha ubavuni. Ukikuta kimeandikwa mita 40 na lita 40 kwa dakika, ujue havitokei pamoja. Kwenye urefu wa mwisho halitoki hata tone, na zile lita zote unazipata pale ambapo pampu haipandishi chochote cha maana. Muuzaji huvisoma vyote viwili kwa mkupuo mmoja na uso mkavu.

Namba moja kwangu ni Pedrollo PKm 60. Naipendelea waziwazi na sijalipwa na mtu. Inatengenezwa San Bonifacio, karibu na Verona, Italia, na kampuni iliyoanza 1974, na sababu yangu ya kuipenda ni kipande kimoja tu. Kwenye ule uso unaotazamana na impela, wao wameweka bamba la shaba badala ya kuacha chuma au alumini tupu. Shaba kwa shaba haifanyi kutu ya kugandana. Na mota yake ina kinga ya joto ndani, ikishikwa inajikata kabla haijaungua. Ile yangu ya kwanza haikuwa na kitu kama hicho. Pasaka niliiacha Pedrollo siku kumi na nne makusudi, nikaiwasha huku nimeshika swichi na roho mkononi. Ikaondoka.

Ila haipendi mchanga. Kama kisima chako kinatoa maji yenye chengachenga, mwanya ule ule utaliwa na pampu itapoteza nguvu hata iwe ya Italia.

Namba mbili ni pampu ya jeti, iwe ya kampuni ya DAB au ya Pedrollo yenyewe. Hii ni ya mtu anayesafiri sana, au mwenye nyumba ya kupangisha inayokaa tupu miezi. Impela yake ina nafasi pana zaidi, haigandi kirahisi, na hewa kidogo ikiingia kwenye bomba inajinyonyea yenyewe. Kelele zake utazizoea. Kwa kisima kifupi ni nzuri pia, ilimradi maji yasiwe chini ya mita saba au nane. Mtu akikwambia pampu yake inayokaa juu ya ardhi inanyonya mita kumi na tano kwa bomba moja, muage uondoke.

Namba tatu, Dayliff za Davis & Shirtliff, Wakenya walioanza Nairobi mwaka 1946. Faida yake kubwa ni kwamba ukitafuta sili au kapasita unajua pa kwenda. Grundfos SCALA2 ni tamu kuliko zote hizi, inazima yenyewe maji yakiisha, lakini kwa bei yake mimi ningeongeza tenki.

Za bei ya chini: kama ni ya saiti, umwagilie zege mwezi mmoja basi, nunua.

Kuifunga sasa. Weka pampu kwenye kijizege kidogo, kivulini, chini ya usawa wa tundu la kutolea maji la tenki la chini, maji yaingie yenyewe bila kuvutwa. Bomba la kuingilia lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu. Mdomo ukiwa inchi moja, bomba ni inchi moja, fundi asikuletee nusu inchi eti "itanyonya tu". Weka yunioni pande zote mbili ili siku ya kuifungua usikate bomba. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua kile kizibo cha juu, jaza maji hadi yafurike. Na kwenye tenki la chini weka swichi ya boya inayozima pampu maji yakishuka, maana siku za mgawo, kama ule wa 2022 Mto Ruvu ulipopungua maji, maji hukatika usiku na pampu inabaki inasaga hewa.

Ukisafiri, acha mtu aiwashe dakika tano kila wiki. Huna mtu? Fungua kizibo cha chini umwage maji yote yaliyobaki ndani. Na ukirudi, zima kwanza kwenye swichi kubwa, vua kile kifuniko cha nyuma, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka laini, washa. Ikigoma, usiwashe hata kidogo. Isukume taratibu mbele na nyuma mpaka iachie. Mimi ningejua hili Januari ningetumia dakika kumi badala ya pampu nzima.

Tatizo ni kuipata hiyo Pedrollo. Kariakoo nilizunguka asubuhi nzima, na pampu zote ni za bluu, zote zinafanana. Kuna niliyoikuta ina L moja kwenye jina. Nikamwonyesha kijana, akasema, "Dada yangu, hiyo ni toleo jipya." Duka la pili wakaniuliza nataka orijino ya Italia au orijino ya China. La tatu walikuwa nayo kweli, tukakubaliana bei, nikatoa hela, ndipo wakaniuliza: na risiti au bila risiti? Na risiti, bei ikapanda palepale. Bila risiti, waranti hakuna. Nililipa ya juu, risiti ya EFD nikaipiga picha hapohapo kaunta kabla wino haujafutika.

Yule aliyeniuzia ile ya kwanza nilimrudia pia, na maiti yake kwenye mfuko wa rambo. Akaigeuza, akainusa. "Hii mama uliiacha muda bila kuitumia." Alijua. Siku ananiuzia aliniuliza tu kama nataka ya nusu au ya HP moja.