Zoom G1 Four kwa mpiga benga: kusevu ni rahisi, majina ndio kazi

Wasee wengi wakiniuliza kuhusu hii Zoom G1 Four, boksi ya kukanyaga ya efekti za gitaa, wanataka kujua distoshoni yake, ile sauti chafu ya roki, iko aje, na mimi nikiangalia kazi zenye tunapiga huku Kisumu, Ahero mpaka Siaya, distoshoni utaitumia labda wimbo mmoja wa vijana usiku mzima, zingine zote ni gitaa safi. Kwa hivyo hiyo nawaachia watu wa roki. Mimi naongelea vile unatengeneza sauti yako, unaisevu, halafu unaipea jina lenye ukiwa kwa matanga saa nane usiku na taa ni ile moja ya kijani bado utajua umekanyaga nini.

Ya kawaida tumalize haraka. Ilitoka 2019, ni ndogo inaingia mfuko wa mbele wa begi ya gitaa, ina efekti zaidi ya 60 na sauti za kuiga ampi 13 za gitaa, na unaweza panga efekti tano kwa pachi moja, yaani sauti moja umepanga ukaisevu. Ina tuna, luperi ya sekunde 30 ya kurudiarudia chenye umepiga, na ngoma 68 za kufanyia mazoezi, zingine kusema ukweli huwezi jua zilitengenezewa nani. Nafasi za pachi ni 50. Kuna ndugu yake G1X Four, ni hiyo hiyo tu ila imeongezwa pedali ya kukanyaga kwa upande, ya wah (ile sauti ya gitaa kusema "wau wau") na voliumu, na kama wewe ni wa worship pale kanisani na unapenda ile gitaa ya kuingia polepole nyuma ya maombi, ongeza pesa uchukue hiyo.

Yangu nilitoa kwa jamaa mmoja wa Kondele, mkono wa pili, alikua anahamia kibodi za ohangla na hakujisumbua kufuta kitu. Nikaketi nayo na hedfoni nikizungusha nione aliacha nini. HARUSI. KESHA. LEAD KALI. LEAD KALI2, ambayo kwa masikio yangu ni LEAD KALI ileile. Halafu moja imeandikwa USIGUSE. Nikafungua hiyo nikijua hapa ndio kuna siri ya kampuni, kumbe ni gitaa safi, kompresa kidogo mbele ya kusawazisha sauti, korasi ya kuonja tu, ile inafanya gitaa moja isikike kama mbili, na dilei, mwangwi wa kurudia noti, imekaa chini huko nyuma karibu haisikiki. Basi. Na ndio sauti poa kushinda zote kwa hiyo mashine, mpaka leo nasimamia hiyo, nimebadilisha dilei peke yake. Lakini angalia hayo majina tena, hakuna hata moja lenye linakuambia ukikanyaga utasikia nini, isipokua hiyo LEAD, na USIGUSE inakuambia tu mwenyewe alikua ameumizwa na mtu.

Dilei niliibadilisha juu ya benga. Kile kipande cha mwisho waimbaji wamenyamaza na gitaa inapanda, noti zinakuja zimefuatana na kila moja lazima isikike kivyake, sasa ukiweka dilei ndefu noti za nyuma zinakanyaga za mbele na watu wanaacha kucheza, hawajui kwa nini wameacha lakini wameacha. Hesabu ni rahisi, chukua 60,000 ugawanye kwa tempo (mapigo kwa dakika) unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa tempo 150 pigo ni 400, nusu yake 200, hapo ndio naweka na naishusha chini sana. Wimbo wa kuabudu wa tempo 75 pigo ni 800, robo tatu yake 600, hiyo sasa inapendeza gitaa ikiwa na noti chache. Hizo mbili haziwezi kaa pachi moja hata ufanye nini, na kuinama kuzungusha nobu katikati ya ibada hapana. (Wakongwe wa benga, Misiani na bendi yake Shirati Jazz, walipanda huko juu bila haya maboksi, najua, usinikumbushe.)

Sasa majina yenyewe. Kuandika jina kwenye mashine ni kuzungusha herufi moja moja mpaka ufike yenye unataka, halafu unasonga inayofuata, na ukipita Z kimakosa ni safari ingine. Skrini ni kadogo na jina refu haliingii. Dawa ni Guitar Lab, programu ya Zoom wenyewe, ni ya bure, unaunganisha kwa laptopu na kebo ya USB unaandika jina na kibodi kama mtu mwenye akili zake, na hapo hapo unaweka nakala ya pachi zako zote kwa laptopu. Hii ya nakala watu wanaipuuza sana. Masaa yako yote ya kutafuta sauti yako ndani ya kitu kinaweza mwagikiwa soda kwa harusi Nyamasaria, na wewe huna nakala?

Majina yangu yanaanza na namba kufuata vile kazi inaenda, halafu kazi ya pachi, halafu mwishoni M ama A. Kwa hivyo iko 1BENGA M, 2PANDA M, 3IBADA M, halafu hizo hizo tena na A. M ni mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za bendi, A ni ampi. Hii si urembo. Ukichomeka moja kwa moja kwa mikisa unahitaji ile sehemu ya kuiga kabati ya spika, bila hiyo gitaa inatoka nyembamba inakwaruza masikio, na ukiingia ampi ya gitaa izime kwa sababu ampi tayari ina spika yake, ukiiwacha sauti inakua nzito kama imefunikwa na blanketi. Kwa bendi zetu hujui leo utakuta nini, wakati mwingine unaambiwa kuna ampi unafika unapata kuna waya tu, so lazima ukuwe na zote mbili tayari.

Kuna autosevu, kaingie kwa mipangilio uone iko on ama off kabla hata hujapiga noti ya kwanza. Ikiwa on kila kitu unagusa kinabaki hivyo. Nyumbani ukitengeneza sauti hiyo ni raha, lakini jukwaani nadhani ni hatari tupu, kuna watoto wa harusi, kuna MC anatafuta mahali pa kuweka soda, kuna besi anarudi nyuma akicheza. Mimi naizima, mtu akigusa nahama pachi narudi na sauti yangu iko palepale.

Na kabla hujasevu pima voliumu ya kila pachi ukilinganisha na ya kwanza, na uipime kwa spika kubwa. Sauti ikiwa chini sikio halisikii besi na treble vizuri, kwa hivyo usiku na hedfoni utaziongeza mpaka ufurahi, halafu kesho kwa spika kubwa besi inavuma na treble inakata. Nashusha zote mbili kidogo ndio nasevu. Pachi ya lead naiacha juu kiasi tu, na siongezi geini (ile inachafua sauti), juu ya geini nyingi gitaa inazama ndani ya bendi badala ya kutoka.

Rivabu, ule mwangwi kama wa ukumbi mkubwa, ni nzuri lakini kwa pachi za M nimeitoa kabisa. Makanisa mengi siku hizi yana mikisa za dijitali, zile Behringer X32 ziko na nafasi nane za efekti, na huyo kijana wa mitambo lazima akuwekee rivabu yake utake usitake. Rivabu mbili juu ya nyingine ni matope.

Kama unapiga nyumbani tu na unataka kurekodi, hii usb yake si ya kurekodia, ni ya Guitar Lab, tafuta kitu kingine. Kama kazi yako ni kuzunguka, nunua. Betri ni nne za AA na kampuni inasema zinafika masaa 18, stima ikipotea wewe unaendelea kama spika ziko kwa jenereta. Adapta inauzwa kivyake, ni ya volti 9 na hasi iko katikati, usikubali mtu wa duka akuuzie ile ya kibodi ya volti 12 ati zinaingiana. Zinaingia, ndio.