Mtego wa inzi wa maembe: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kama una miti ya maembe kwenye lupango wako (kiwanja cha nyumba) na unauza matunda, mtego wa inzi unaouzwa kwenye maduka ya mbegu na dawa za mashamba unastahili pesa yako. Bei yake, msimu ukijaa, inalingana na ndoo mbili tatu za maembe. Lakini ujue unanunua nini. Muuzaji aliniambia utalinda maembe "mtini na nyumbani". Mtini unasaidia kweli. Nyumbani, embe likishachumwa, haulindi kitu, na hapo ndipo nataka kukaa zaidi, kwa sababu hasara ya mama wa soko inaonekana baada ya kuchuma.

Mtego wenyewe ni kopo la plastiki la manjano, lina mfuniko na matundu pembeni. Ndani yake kunaning'inia kipande kilicholoweshwa methili eujenoli, harufu inayowavuta inzi dume, pamoja na dawa ya kuwaua. Inzi anaingia kulamba, anaanguka chini ya kopo. Mimi nautundika kivulini, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mwezi wa kumi, maembe yakiwa bado magumu. Haikupita hata wiki, chini ya kopo pakawa peusi kwa inzi.

Wamwage kwenye sahani nyeupe uwatazame vizuri. Ukimwona huyu mdudu haraka utasema ni nyigu mdogo: mgongo wa rangi nzito wenye mistari miwili ya manjano, tumboni alama nyeusi ya herufi T, mabawa maangavu yenye ukingo mweusi. Ni Bactrocera dorsalis, mwenyeji wa Asia. Barani Afrika alionekana kwanza mwaka 2003 nchini Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya hapa mjini). Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens wakiamini ni aina mpya, na mwaka 2015 wakathibitisha kwamba ni yule yule wa Asia. Kwa hiyo ukikuta dawa imeandikwa jina moja au lingine, usibabaike, inamhusu mdudu huyo huyo.

Sasa upungufu wake. Kopo linakamata madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa haijali ile harufu. Anakuja kwenye embe linalokaribia kuiva, anatoboa ganda, anaingiza mayai chini yake. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3, na funza wanaanza kula nyama ya tunda kutoka ndani. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Ndiyo maana kopo lililojaa inzi si ushahidi kwamba maembe yako ni salama. Na kwa mitaa yetu, ambako kila lupango una mwembe na ukuta mmoja tu katikati, majike wa jirani wanaruka ukuta bila shida. Nafuu niliiona msimu ambao jirani wa upande wa pili wa ukuta na majirani wengine walitundika makopo yao pia. Madume wakipungua sana mtaa mzima, majike wengi wanabaki bila mume. Mtego wa mtu mmoja ni wa kukuonyesha kama inzi wamefika na ni wengi kiasi gani, na kwa kazi hiyo tu mimi naona bado una faida.

Tukija kwenye maembe yaliyochumwa. Anayeuza sokoni anaijua hii: mteja anapasua embe mbele ya watu, anapaza sauti, "Mama, hii embe iko na badudu!" Na funza wa inzi huyu akikomaa anajikunja, anajirusha, anaangukia mezani. Mteja mmoja akiona hivyo, beseni zima limeharibika jina, hata kama mengine yote ni mazima.

Kwangu kilichobadilisha mambo ni kuchuma mapema. Nachuma embe likiwa limekomaa, mabega yamejaa karibu na kikonyo, ganda bado la kijani, halafu linaivia ndani ya nyumba. Inzi anaweza kutaga hata kwenye embe bichi, lakini analipenda zaidi linaloanza kulainika na kunukia. Kila siku unayoliacha liive mtini unampa nafasi.

Ndani ya nyumba nina chanja ya mbao, fundi amenigongea, imefunikwa pande zote kwa kitambaa chepesi cha pazia, kile ambacho unaona upande wa pili lakini inzi hapiti. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, ile dawa haikuwekwa kwa ajili ya chakula. Usifunike kwa plastiki pia, embe linatoa jasho na kuoza. Maembe nayapanga safu moja, yasigusane, nayaacha siku kadhaa kabla ya kuyapeleka sokoni. Kitambaa kinazuia inzi wa nje, hakitoi mayai yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo zile siku za kungoja ni za ukaguzi. Nashika kila embe, natafuta kitone kidogo chenye utomvu na ngozi inayobonyea kukizunguka. Hilo linatolewa mara moja.

Kuosha kwa maji ya chumvi, ambako wengi wanakusifu, kunaondoa vumbi na utomvu tu, mayai yako chini ya ganda. Maji ya moto yanaua kweli: maembe mengi yanayotoka Mexico kwenda Marekani yanazamishwa kwenye maji ya nyuzi 46.1 za Selsiasi kwa dakika 65 hadi 110, kutegemea ukubwa wa tunda. Lakini kuweka joto hilo bila kupanda wala kushuka kwenye sufuria juu ya mbabula (jiko la makaa), mimi simshauri mtu. Likizidi, embe linapikika. Likipungua, funza wanabaki hai.

Wale vijinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi na mapera yaliyoiva sana ni wengine kabisa, na kopo la manjano haliwagusi. Kwao bilauri yenye siki kidogo na tone la sabuni ya maji inatosha, ukiondoa pia matunda yaliyopasuka.

Jambo ambalo naomba kila mwenye mwembe alishike ni maembe yaliyoanguka. Mvua ikianza, tunayafagia tunayatupa nyuma ya ukuta. Pale funza wanatoka kwenye tunda, wanajichimbia kwenye udongo kina cha vidole vichache, na baadaye wanaibuka inzi wapya, tena msimu bado katikati. Yaokote kila asubuhi, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge kabisa, uuache juani mpaka kila kitu ndani kife. Au chimba shimo, uyafukie chini ya nusu mita ya udongo. Hii haina gharama, na kama ningelazimika kuchagua kati yake na mtego, ningeacha mtego.

Kwa hiyo mtego naupa nyota tatu kati ya tano, na nne kama majirani wako wanakubali kununua wa kwao. Ukienda dukani, kabla ya kulipa uliza kama vipande vya kubadilisha vipo, maana harufu inaisha nguvu baada ya wiki 6 hadi 8, na mwezi wa kumi na mbili maduka mengi yanabaki na makopo matupu tu. Nunua vipande viwili mapema, vihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, mbali na watoto na chakula, na uvae glavu unapovishika.