Riwaya za mauaji ya enzi za kale: zipi usome, ipi uiache kwanza

Haya wapenzi wa upelelezi, hizi hapa ni riwaya ambazo kesi imetokea zamani, nyingi zake kabla ya kamera, kabla ya alama za vidole, kabla ya DNA, mpelelezi ana macho yake na mdomo wa kuulizia basi. Zipo kibao na sio zote zinafaa. Nyingi ni stori za leo zimevalishwa nguo za zamani, unakuta mtu wa karne ya 12 anawaza kama wakili wa juzi. Mi nina kipimo kimoja tu: ichukue ile kesi uilete leo, je bado inasimama? Kama inasimama bila shida basi mwandishi katuuzia mandhari. Ninazozipenda ni zile ambazo mauaji yenyewe, au namna ya kuyafumbua, yasingewezekana ila pale pale na wakati ule ule.

Kwa anayeanza kabisa nampa One Corpse Too Many ya Ellis Peters, ya 1979. Ni mwaka 1138, Uingereza iko vitani yenyewe kwa yenyewe, Mfalme Stephen na binamu yake Maud wanagombea kiti. Stephen anaiteka ngome ya Shrewsbury na kuamuru walinzi 94 wanyongwe. Hapo anaingia Cadfael, mtawa wa makamo anayelima dawa za mitishamba, ila ujanani alikuwa askari wa vita vya msalaba na maiti kaziona nyingi. Anaomba ruhusa awaandae marehemu wazikwe kwa heshima. Anahesabu, anapata 95. Na yule wa ziada shingo yake haina alama ya kitanzi kama wenzake, ina mstari mwembamba, mtu kamkaba kwa kamba nyembamba kutokea nyuma. Yaani muuaji kaona sehemu gani nzuri ya kuficha maiti zaidi ya katikati ya maiti? Nani atahesabu watu ambao mfalme mwenyewe kaamuru wafe? Hiyo kesi huwezi kuihamisha, inaning'inia kwenye ile vita. Cadfael ana riwaya 20 na hii ni ya pili, ila anza nayo tu haina shida. Kasoro yake ni kwamba kila kitabu lazima kuwe na vijana wawili wanapendana, na ukishasoma vitatu vinne unajua kabisa kwamba hao hawajaua mtu, kwa hiyo orodha ya watuhumiwa inapungua yenyewe.

Ukitaka kitu kizito zaidi nenda kwa C. J. Sansom, anza na Dissolution (2003). Mwaka 1537, Mfalme Henry VIII wa Uingereza anavunja nyumba za watawa, mjumbe wa Thomas Cromwell, waziri wake mkubwa, anakutwa kakatwa kichwa ndani ya nyumba ya watawa huko pwani ya kusini, na anayetumwa kuchunguza ni wakili Matthew Shardlake. Shardlake ana kibyongo na watu wa enzi hiyo wanakiona ni mkosi, wanaomba Mungu awaepushe wakimpita njiani, na hilo linaathiri jinsi kila shahidi anavyoongea naye. Ila kilichonishika mimi ni kwamba mwanzoni jamaa anaamini kabisa kazi ya Cromwell ni ya haki, watawa ni wezi, mageuzi yataleta heri, halafu kadiri anavyochimba ile kesi ndivyo imani yenyewe inavyomomonyoka, mpaka unajiuliza muuaji aliyeko humo ndani na serikali iliyomtuma mpelelezi nani ana damu nyingi zaidi mikononi. Ziko saba, zisome kwa mpangilio maana Shardlake anazeeka na majeraha yake anatembea nayo. Sovereign ndiyo kali kuliko zote kwangu. Nene lakini, usiibebe ukiwa na haraka.

The Widows of Malabar Hill ya Sujata Massey (2018) inapita kile kipimo changu kwa alama zote. Bombay 1921. Tajiri mmoja Mwislamu kafariki kaacha wajane watatu wanaoishi nyuma ya pazia, hawaonani na wanaume wasio ndugu zao. Inakuja barua kwamba wote watatu wamekubali kuitoa mali yao, pamoja na mahari, iingie kwenye wakfu. Wote? Kwa pamoja? Perveen Mistry, binti wa Kiparsi (jamii ya India yenye asili ya Uajemi) anayefanya kazi kwenye ofisi ya uwakili ya baba yake, anaziangalia zile saini na hazimkai vizuri. Sasa ona utamu wake, wakili mwanamume haruhusiwi kuingia kwa wale wajane, polisi wanaume pia hawaruhusiwi, kwa hiyo mtu pekee mwenye akili ya sheria anayeweza kukaa nao uso kwa uso ni huyu mwanamke ambaye mahakamani hawamruhusu kusimama kutetea kesi. Mlango uliofungwa kwa mabingwa wote uko wazi kwake. Massey alimchukulia mfano Cornelia Sorabji, mwanamke wa kweli aliyesoma sheria Oxford miaka ya 1890 na akatumia miaka mingi kuwasaidia wanawake wa India waliokuwa wanaishi nyuma ya pazia. Kinachopunguza mwendo ni zile sura zinazorudi 1916 kwenye ndoa ya Perveen. Nyingine zinauma kweli, ila mauaji yanasubiri wee mpaka unakaribia kusahau nani kafa.

Halafu kuna My Name is Red ya Orhan Pamuk, na hapa naomba mnivumilie maana nitaongea sana. Istanbul, 1591. Sultan kaagiza kitabu cha siri kichorwe kwa kufuata mtindo wa wachoraji wa Ulaya, na mmoja wa mafundi, yule wa kupaka dhahabu, anauawa na kutupwa kisimani. Sura ya kwanza anayesimulia ni maiti mwenyewe akiwa huko chini, analalamika hawajamtafuta. Baadaye anaongea mbwa, inaongea sarafu, unaongea mti, inaongea rangi nyekundu, na muuaji naye anaongea, anakutania kabisa kwamba jaribu unijue kwa maneno yangu. Watuhumiwa ni wachoraji watatu. Sasa shida iko hapa: kwa mafunzo yao mchoraji stadi hatakiwi kuwa na mtindo wake. Farasi anachorwa kama mabwana wakubwa wa zamani wa mji wa Herat walivyomchora, mkono unamjua kwa kumbukumbu hata fundi akipofuka, na ukiacha alama yako binafsi hiyo ni dosari, ni aibu. Kwa hiyo utamjuaje mtu kwa kazi ya mkono wake kama maisha yake yote kafundishwa kuufuta mkono wake? Wanaotafuta muuaji wana mchoro mmoja wa farasi uliokutwa kwa marehemu, na pua za yule farasi zina kasoro ndogo sana. Basi mafundi wanachorishwa farasi kwa kisingizio cha mashindano. Nilipofika hapo niliacha kulala. Ushahidi wa kesi nzima ni tundu za pua ya farasi wa kuchora, na ukitaka kuuelewa lazima uelewe hofu ya mafundi wale, kwamba kumwiga Mzungu ni kutaka kuonekana wewe, na kutaka kuonekana ni dhambi. Sio rahisi, nakubali, kuna hadithi ndani ya hadithi na wengine watachoka katikati. Mi ndiyo niliyoipenda kuliko zote za humu.

The Daughter of Time ya Josephine Tey (1951) ni ya aina yake kidogo kwa sababu mpelelezi ni wa karne ya 20. Alan Grant wa Scotland Yard kalazwa hospitali mguu umevunjika, kachoka kuangalia dari, anaonyeshwa picha ya mfalme Richard III, anayedaiwa kuwaua watoto wa kaka yake, na anasema huyu hana sura ya kuua watoto. Basi anaanza kuchunguza kitandani nani aliwaua wale wana wa mfalme waliopotelea Tower of London mwaka 1483, kijana mmoja Mmarekani anamtafutia nyaraka. Hakuna mbio, hakuna bastola, ni watu wawili na vitabu na bado unafungua kurasa kama mwendawazimu. Sehemu tamu ni pale wanapombana Thomas More, ambaye maelezo yake ndiyo kila mtu anayategemea, kumbe 1483 alikuwa mtoto wa miaka kama mitano, alisikia tu. Ila ile hoja ya sura nimeikataa, wauaji wangapi wana sura za upole jamani. Na kitabu kinamtetea Richard kama wakili anayelipwa, wanahistoria mpaka leo hawajakubaliana, kwa hiyo usikifanye ndiyo hukumu ya mwisho.

Ya kuiacha kwanza ni Death Comes as the End ya Agatha Christie, ya 1944, inayofanyika Misri ya kama miaka 2000 kabla ya Kristo. Wazo ni zuri na lilitokana na barua za kweli za mtu aitwaye Heqanakht alizowaandikia watu wa nyumbani kwake, na Christie mwenyewe kaolewa na mtaalamu wa mambo ya kale. Lakini ni baba tajiri, suria mpya, wana wenye wivu. Badilisha majina tu unaipeleka popote. Sijasema mbaya, vifo vinakuja mfululizo na unaimaliza haraka, ila Misri imekaa pembeni kama pambo.

Wale wa kesi fupi mtafute Jaji Dee wa Robert van Gulik, mwanadiplomasia wa Uholanzi, kamjenga juu ya Di Renjie aliyeishi kweli China enzi za ukoo wa kifalme wa Tang (630–700). Hakimu huyo huyo anapeleleza, anashtaki na anahukumu, mara nyingi kesi tatu kwa wakati mmoja, na sheria inadai mshtakiwa akiri kwanza ndiyo ahukumiwe, kwa hiyo kumjua muuaji ni nusu ya kazi tu.

The Name of the Rose ya Umberto Eco najua mtaniuliza. Isomeni, ila sio ya kwanza. Mwaka 1327, nyumba ya watawa milimani Italia, vifo ndani ya siku saba, maktaba ambayo mtu haruhusiwi kuingia. Kurasa mia za mwanzo ni nzito kwa makusudi, Eco alishauriwa azipunguze akakataa, anataka msomaji apande mlima na yeye. Kilatini ruka tu, hukosi ushahidi. Mabishano ya Papa na Wafransisko kuhusu umaskini wa Kristo usiyaruke, yana sababu ya kuwepo. Na kama toleo lako lina ramani ya zile nyumba kurasa za mwanzo, kunja pembe ya ukurasa huo kabisa, utakuwa unarudi hapo kila mtu anapotoka usiku na taa.