TAHADHARI: ule muuzaji wa kuku Silki wa Lubumbashi, musimutumie avansi (pesa ya mbele)!!

Bandugu wa Lushi na wa Likasi, wenye kufuga na wenye wanataka kuanza, musome hii. Kuko muntu mu magrupu ya WhatsApp ya bafugaji anauzisha kuku Silki, ile ya manyoya laini kama pamba, na anakula bantu pesa. Jina anabadilishaka, namba anabadilishaka, foto ni zile zile na maneno ni yale yale: "mama zimebakia mbili tu, kuko mwingine ashatuma avansi, ufanye mbio". Ukiona ile, ni yeye ao ni mwenzake.

Tuanze na foto. Anasema banda yake iko ku Kasapa, hapa hapa Lubumbashi. Angalieni vizuri ile ya jogoo mweupe na majike, chini yote nyuma yao ni theluji. Theluji ku Kasapa ba yaya?? Hata mwezi wa saba na ile baridi yetu yote ya asubuhi! Nilimuomba video ya leo leo, kuku mu mukono, na aseme jina langu mu ile video, akajibu asema kamera imekufa, kisha kidogo akatuma tena foto zingine, sijui alizipiga na nini.

Pesa iko na ngazi yake. Kwanza nusu ya bei kupitia telefoni. Kisha transpoti ya kutoka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia. Kisha karatasi ya veterineri. Kisha kuku "zimezuiliwa ku dwane" (ku forodha) na zinahitaji kula. Kila mara anaomba kidogo kuliko mara ya mbele, njo maana muntu anaendelea kulipa, anajiambia nimeshatoa nyingi hii ya mwisho itanishinda nini. Mama moja jirani yangu hapa Katuba alifika mpaka ku dwane na kuku hajaiona mpaka leo.

Ukikaza asema unalipa ukishaona kuku, atatuma wewa (muntu wa pikipiki ya taksi) na boksi, na hapo njo kuko kazi. Boksi moja vile niliitiwa kuangalia. Ndani kuku ya kijiji, nyeupe, ya manyoya yenye kujikunja, mu giza ya boksi unaweza sema ndiyo, na miguu nyeusi inang'aa. Ilikuwa inang'aa kupita kiasi. Nikakamata kitambaa na maji na sabuni nikapangusa mguu, kitambaa kikageuka nyeusi na harufu ya siraji ya viatu ikatoka, na chini ya siraji mguu wa manjano kabisa. Vidole vinne. Cha tano sijui wangekinunua wapi.

Basi mujue: Silki ya kweli iko na vidole vitano ku kila mguu, kuku zingine karibu zote zina vinne. Pulizia manyoya ya kifua mpaka uone ngozi, inapaswa kuwa nyeusi ao bluu ya giza, haiko miguu tu, hata nyama na mifupa ni nyeusi. Masikio mara mingi yanavuta rangi ya bluu ya kijani. Na manyoya hayashikani yenyewe kwa yenyewe kama ya kuku zingine, njo sababu hairuki na mvua inaingia mpaka ku ngozi, kwa hiyo akikuambia "hii inavumilia mvua ya Lubumbashi hata bila banda" ni uongo tena. Kitu kingine: anauzisha vifaranga vya juma moja asema vyote ni majike, garanti. Silki ni ngumu sana kutambua jike na dume, hata bafugaji ba siku mingi wanangojea miezi kadhaa, mpaka jogoo aanze kuwika ao jike itage. Garanti ya juma moja haiko.

Sasa ile yenye imenikasirisha zaidi ni ya kuku yenye kulalia. Bote tunajua Silki inapenda kulalia sana, bantu wanaipatia mpaka mayai ya bata na ya kanga, na ule eskro (tapeli) anajua tunajua. Basi anauzisha "mama iko tayari juu ya mayai kumi, kisha siku 10 una vifaranga", bei mara mbili. Nilifungua boksi moja ya vile: mayai makubwa ya kahawia, yale ya soko, ya kuku za mayai zenye haziishi na jogoo! Ya Silki ni madogo, rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Usiku tukawasha taa ya telefoni nyuma ya yai moja moja, hakuna hata mshipa mumoja. Yai lenye mbegu, likilaliwa juma moja unaona mishipa myekundu na doa jeusi katikati, na kutotoa ni siku 21, haina siku zenye muuzaji anapenda. Na kuku yenyewe, boksi kufunguka tu ikaruka ikaenda kutafuta mahindi. Yenye kulalia kweli haikimbii, inavimba, inanguruma, inachoma mukono na mudomo, ukiigusa chini ya tumbo unakuta ngozi tupu ya moto, na inatoka mara moja ku siku kula na kunya mavi makubwa yenye kunuka (samahani lakini ndiyo alama). Na hata ikiwa ya kweli, kuivusha muji mzima ku wewa mchana ni kuiharibia, inaweza kuacha mayai yote yapoe. Mimi kuku yenye kulalia naihamishaka usiku, polepole, kutoka kona moja ya banda kwenda nyingine, basi.

Anaahidi pia yai kila siku mwaka muzima. Silki inataga kama 100 mpaka 120 ku mwaka, juu kila saa inasimama kwenda kulalia. Muhesabu.

Na anaongezea unga "ya asili" mu kasashe (kamfuko kadogo) bila jina bila tarehe, asema inaponesha pseudopeste (ugonjwa wa Newcastle, ao kideri). Mi sipingi vya asili, kuku zangu zinaoga mu majivu na muchanga na chawa inapunguka, banda kavu na jua vinasaidia mingi. Lakini pseudopeste haina dawa, ya asili ao ya farmasi, kuko chanjo tu, mbele ugonjwa haujaingia, tone ku jicho, na kurudilia kila miezi 3 ao 4.

Wenye mulishapokea kuku yake: muitenge mbali na zingine majuma 3 ao 4, na chombo chake cha maji. Ikianza kupinda shingo ao kunya kijani, musiipeleke soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi) kuiuza mbio mbio, muite veterineri. Na ujumbe wa kutuma pesa musiufute, muupige foto na namba yake ionekane, tunakusanya zote tuende nazo pamoja polisi.