Keris ya Java: ipi inunuliwe kwanza

Anayenunua keris, jambia la Wajava, huuziwa chuma pamoja na hadithi yake, na mara nyingi hadithi ndiyo inayopandisha bei. Mpangilio ufuatao unatazama chuma.

Nafasi ya kwanza naipa keris ya karne ya 19 kutoka Surakarta au Yogyakarta. Ielekeze kwenye mwanga uitazame pamor, yaani michirizi myeupe inayotokea mhunzi anapofua chuma cha kawaida pamoja na chuma chenye nikeli: iliyo halisi imezama ndani ya bapa na huendelea hadi ukingoni, lakini ikiwa imelala juu juu tu, huenda imechorwa kwa asidi. Kisha angalia ganja, kipande kipana kilichokaa chini ya mpini. Kwa kawaida hufuliwa peke yake, na mstari wa kiungo huonekana. Hata hivyo zipo keris halisi ambazo ganja yake ni chuma kimoja na bapa, kwa hiyo kukosekana kwa mstari huo si sababu ya kuikataa. Mikunjo ya bapa, inayoitwa luk, huwa witiri, na ukipata shufwa anza kuhesabu upya kabla ya kumlaumu muuzaji. Wala usidhani kwamba isiyo na mikunjo si keris, kwani nyingi za kale zimenyooka kabisa.

Ya pili, ingawa wakusanyaji wengi watapinga, ni keris mpya iliyofuliwa vizuri, ambayo Waindonesia huiita kamardikan, yaani ya baada ya uhuru wa mwaka 1945. Haidai umri isiokuwa nao.

Ya tatu ni bapa la kale lililovishwa ala mpya. Huo si udanganyifu, kwa kuwa mbao huoza na ala hubadilishwa kizazi baada ya kizazi, ila bei ifuate bapa.

Ya nne ni keris ndogo ambayo mpini wake ni chuma kilekile cha bapa. Wauzaji huiita "keris ya Majapahit" ili ionekane ya enzi ya dola hiyo, lakini umbo hilo peke yake halithibitishi umri, na inaaminika kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya sadaka za matambiko.

Ya mwisho ni ile iliyoliwa na kutu kwa usawa kila mahali, dalili ya kuzeeshwa kwa asidi.

Weusi wa bapa hausemi kwamba lilipakwa sumu ya vita: ni arseniki na maji ya ndimu, vinavyotumika ili pamor ionekane, ingawa mikono inaoshwa baada ya kulishika. Vilevile dai la chuma cha kimondo ulipokee kwa tahadhari, kwani kimondo cha Prambanan kilihifadhiwa katika kasri la Surakarta na hakikuwa cha kila mhunzi. Ukinunulia Indonesia kwenyewe, omba hati kwanza, maana chini ya Sheria Na. 11 ya mwaka 2010 vitu vilivyoorodheshwa kuwa urithi wa utamaduni havitoki nchini bila kibali cha serikali.